Rafiki akisomwa kinyumenyume

Chukua neno "rafiki". Liandike kuanzia herufi ya mwisho kurudi ya kwanza: ikifar. Neno hilo halipo, lakini usilifute. Likazie macho. Ndani yake kumejificha "ikifa", na r imebaki mwishoni inaning'inia haina mwenyewe. Sasa iazime hiyo r, iwe ndiyo r ya rafiki mwenyewe:

Ikifa, rafiki.

Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni herufi zilezile 11. Na ni Kiswahili kisicho na mawaa.

Maneno yanayosomeka vilevile mbele na nyuma huitwa palindromu, na nimeshapoteza saa nyingi za usingizi kwa ajili yake. Anayeanza mchezo huu hukimbilia kukusanya maneno ambayo tayari ni kioo: ana, ama, ada, ini, utu. Kisha anayapanga kama matofali, moja kushoto, jingine kulia, mpaka achoke. "Ama ana ada ana ama." Sawa, imetimia. Lakini nani aliwahi kusema hivyo akaeleweka? Kwangu mimi huko ni kujenga ukuta. Kutunga ni kushika neno moja unalolipenda, kuligeuza, halafu kulifuata linakokupeleka hata kama hukupanga kwenda huko. Mimi sikukaa chini kuandika habari za kitu kinachokufa. Rafiki ndiye aliyenipeleka.

Nimewahi kuambiwa kwamba Kiswahili hakifai kwa kazi hii, kwamba ni michezo ya Kilatini na lugha za Ulaya. Kweli Kilatini kina mraba wake maarufu wa maneno, SATOR AREPO TENET OPERA ROTAS, unaosomeka vilevile mbele na nyuma, uliokutwa umechorwa katika magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79. Lakini hebu angalia neno la Kiswahili limeumbwaje. Karibu kila neno letu huishia na irabu. Kwa hiyo palindromu ya Kiswahili lazima ianze na irabu pia, hakuna njia nyingine. Hilo linaonekana kama kifungo, kumbe ni msaada. Konsonanti na irabu zetu hupokezana, kwa hiyo ukiligeuza neno, linatamkika karibu lote. Linalobaki nje ni konsonanti moja tu, ile iliyokuwa ya kwanza, na hiyo ndiyo bawaba ya mlango. Lala inakupa alal, nawe unaifungia bawaba: "Ala! Lala!" Dada inakupa "Ada, dada." Sasa inakupa "Asa sasa", yaani onya bila kuchelewa. Kiti hakikubali mara moja, kinataka irabu ya kupumulia katikati: "Itika, kiti." Ukikitia kaka hapo kati, nacho kinamkubali: "Itika, kaka kiti." Sina la kusema kuhusu mtu anayeamrisha kiti kiitike, ila sarufi yake haina tatizo.

Maneno mengine usiyaguse. Ndege, nyumba, mwanga, shimo: ukiyageuza unakutana na dn, bm, wm, hs, vitu ambavyo ulimi wetu hauna pa kuvitia. Wapo wanaosema sh au ny ihesabiwe kuwa kitu kimoja kwa sababu ni sauti moja. Hoja yao ina uzito, lakini sitaki. Nikianza kulegeza hapo, kesho nitalegeza pengine. (Ule mchezo wa zamani wa kinyume, ambao silabi ya mwisho hupelekwa mbele na nyumba ikawa mbanyu, ni jambo jingine kabisa. Kule unageuza silabi, na siri ndiyo shabaha.)

Utajiri wenyewe uko kwenye vitenzi. Waulize Wafini, watakuonyesha "saippuakivikauppias", mfanyabiashara wa jiwe la sabuni, herufi 19 ndani ya neno moja. Nampa heshima yake, ila sidhani kama wanamtaja kila siku. Sisi tunacho kitenzi kidogo cha kula. Chakula kile? Alikila. Vyakula vile? Alivila. Tunda? Alilila. Ndizi zote? Alizila. Akinitapeli mimi mwenyewe, alinila. Kila moja ya hizo ni sentensi kamili, ina mtenda, wakati na mtendwa, na kila moja ni palindromu. Tunazitamka bila hata kugundua. Siri ni kwamba "ali" ikigeuzwa ni "ila", na katikati unaweza kupachika k, v, l, z au n, bila kuvunja kitu.

Halafu kuna sikitika. Siku niliyoigeuza nilisimama nikazunguka chumba. Asikitika, kwa maana ya anasikitika, ukianzia nyuma ni akitikisa. Si karibu na akitikisa, ni akitikisa yenyewe, herufi kwa herufi. "Asikitika, akitikisa." Unamwona mtu yule, huzuni imemjaa, anatikisa kichwa ambacho sentensi haina nafasi ya kukitaja. Sikubuni chochote pale. Nilikuta tu, kama mtu anayeokota.

Tumrudie rafiki. "Ikifa, rafiki" inaacha swali: nini kikifa? Hapa ngeli inakuwa hakimu. Kitu chenyewe lazima kichukue i-, basi si mtu, si mti, si kitabu. Lazima kianze na irabu, kwa sababu kitakuwa mwanzo wa sentensi. Na kikigeuzwa lazima kiwe neno linaloweza kufunga usemi baada ya rafiki. Nilijaribu imani, ikanipa inami. Haifai. Nikajaribu akili, ikanipa ilika. Haifai. Nikajaribu amani. Amani ikigeuzwa ni inama.

Amani ikifa, rafiki, inama.

Herufi 21. Upatanisho wa kisarufi umetimia, na ukimsomea mtu asiyejua mchezo huu, ataitikia kwa kichwa akidhani ni usemi wa wahenga. Hicho ndicho kipimo changu: msikilizaji asijue kuwa ni palindromu mpaka aambiwe.

Bila shaka inaweza kurefushwa. Palindromu yoyote hurefushwa. Weka Ali mbele na ila nyuma: "Ali, amani ikifa, rafiki, inama, ila..." Hesabu inakubali, sentensi imeharibika. Mfaransa Georges Perec aliandika moja mwaka 1969 yenye herufi zaidi ya 5,000, na ni kazi ya ajabu, lakini ni ya kustaajabiwa kwa mbali kama mtu anayetembea juu ya kamba. Mimi napenda ile inayoingia mfukoni.

Nikiri jambo moja, maana nimeyasema vibaya matofali. Mojawapo ya ninazozipenda imejengwa kwa matofali matupu, na ilianza na neno "utu". Pembeni nikaweka ana na ana. Kisha nikamleta Ali yuleyule aliyetuharibia hapo juu, na ila, safari hii kwa maana ya dosari: "Ali ana utu, ana ila." Kila neno limekaa peke yake, hakuna bawaba wala kificho. Lakini inasema kweli kuhusu Ali, na kuhusu wengi ninaowajua, kwa hiyo nimeisamehe.

Iliyonitesa kuliko zote ilianza na kalamu. Kinyume chake ni umalak, na ukiifungia bawaba unapata "uma la kalamu". Ilikuwa nzuri kuitazama, na ilikuwa kosa. Uma ni wa ngeli ya u-, kwa hiyo ni uma wa, si uma la, na nimeshasema ngeli ndiyo hakimu. Niliiacha kwenye daftari muda mrefu, kila nikiipitia naona ile la inanicheka. Nilijaribu kuibadilisha, ikavunjika upande wa pili. Mpaka usiku mmoja nikagundua kwamba la hiyo haikuwa na haja ya kuunganisha chochote. Herufi zikabaki palepale, nikaongeza alama tatu tu:

Uma? La, kalamu.