Tulivyolizunguka Ziwa Victoria

Shemeji yangu alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na maishani mwake hakuna kilichomuuma kuliko asilimia 6. Ndiyo sehemu ya Ziwa Victoria iliyoiangukia Kenya. Tanzania ina karibu nusu, Uganda ikajitwalia iliyobaki, na sisi wa Kisumu tukaachiwa ghuba yenye magugu maji, halafu tunatembea kifua mbele tukisema "ziwa letu". Kila Krismasi, nyama ikishaliwa na watu wamelegea kwenye viti, alikuwa akianza: "Watu wazima na akili zenu, mtakufa hamjaiona asilimia 94."

Mimi nimezaliwa Nakuru. Ziwa letu kule unalizunguka asubuhi na mchana uko nyumbani unakula, kwa hiyo hesabu hizo hazikuninyima usingizi. Aliyechoka kuzisikia ni mume wangu. Akaweka kikombe chini, akasema, "Basi twende."

Hapo ndipo lilipotoka daftari. Kumbe shemeji alikuwa nalo tayari, jalada gumu, limeandikwa kwa kalamu ya bluu na kupigiwa mistari kwa nyekundu. Ziwa amelichora kwa mkono wake, likatokea kama figo ya mbuzi, na safari yetu ikalizunguka pande zote. Tutoke Kisumu hadi Luanda K'Otieno, tuvuke kwa feri hadi Mbita. Homa Bay, Migori, mpaka wa Isebania na Sirari, Musoma, Mwanza. Pale tupande MV Victoria, meli ya abiria 1,200, tulale majini na kuamkia Bukoba. Mutukula tuingie Uganda, Masaka, feri ya Bukakata itupeleke visiwa vya Ssese ("BURE!" ameandika pembeni), kisha feri nyingine ituteremshe Nakiwogo, pale Entebbe. Jinja tuone Nile inapoanzia, Busia, nyumbani. Nchi tatu, feri nne.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa barabara, aliuliza kwa nini tukeshe kwenye meli wakati kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Unalivuka ukitoka Mwanza na kuendelea zako hadi Bukoba kwa magurudumu. Shemeji alimtazama kwa huruma.

"Daraja ni la watu wenye haraka. Pale palikuwa na feri, wakaiondoa. Mimi siwezi kwenda kushangilia."

Hapo tungepaswa kumwombea nafasi ya uwaziri, maana alikuwa na msimamo kuhusu kila kitu. Kina cha ziwa, kwa mfano. Ukurasa mzima wa daftari ulikuwa na maneno haya tu: "Kina kirefu kabisa: kama mita 80", na chini yake mistari miwili myekundu. Tukadhani ni bidii ya mwalimu.

Siku mbili kabla hatujamaliza bajeti, Mama mkwe akatangaza kwamba naye anaenda. "Nimenunua samaki wa ziwa hili maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kuona wanakotoka." Hakuna aliyethubutu kumwambia wanatoka pale Dunga tu, ufukweni Kisumu. Uganda isingekuwa shida, maana tangu 2014 Mkenya anaingia kwa kitambulisho. Tanzania ndiyo inayotaka pasipoti. Mama akapelekwa kupigwa picha, akaikataa ya kwanza kwa kuwa inamwonyesha na uso wa mtu anayedaiwa, akaikataa ya pili, na pasipoti ilipotoka akaiweka ndani ya Biblia. Mpaka leo haijagongwa muhuri hata mmoja.

Halafu ikaja habari ya kadi za manjano. Kuna cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho ni cha mtu, na kuna bima ya COMESA ya kuvukia mipaka, ambayo ni ya gari na nayo huitwa kadi ya manjano. Shemeji alitusomea zote mbili kwa pumzi moja. Mama akasikiliza, akashika mkono wake uliochomwa sindano, akauliza, "Sasa gari nalo linadungwa wapi?" Mume wangu alitoka nje kucheka.

Siku ya safari tulifika Luanda K'Otieno mapema. Shemeji ndiye aliyekuwa kwenye usukani tangu Kisumu, kofia kichwani, na alipoona feri imetia nanga akanyamaza. Nilifikiri ni heshima. Wafanyakazi wakamwelekeza aingie kinyumenyume, sisi tukawa gari la mwisho kupanda ili tuwe wa kwanza kushuka. Akaliegesha mlangoni kabisa, akavuta breki ya mkono, akazima, akachomoa ufunguo.

"Nakuja," akasema. "Nanunua kredo."

Mimi na mume wangu tulipanda ngazi kutazama ghuba. Mama alikataa kushuka garini. Aliketi kiti cha mbele, mkoba mapajani. Honi ikalia, mlango wa chuma ukanyanyuliwa, maji yakaanza kupiga povu. Upepo mzuri. Kule nchi kavu, kando ya kibanda cha mandazi, kulikuwa na mtu mwenye kofia na daftari kwapani akitupungia mkono. Tukampungia. Ukiwa majini mtu akikupungia, unapunga.

Tulikuwa tumeshaanza kuuona upana wa maji mume wangu aliposhusha mkono.

"Yule si ndugu yangu?"

Alimpigia simu. Mimi nilikuwa nimesogeza sikio.

"Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Njiani wapi? Mbona nasikia mtu anauza mandazi?"

"Hebu nihakikishe ratiba kwanza," shemeji akasema, na simu ikakatika. Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Kuvuka hadi Mbita hakuchukui hata saa nzima, na saa hiyo watu huitumia kuangalia milima na kupiga picha. Sisi tuliitumia kutafuta namna ya kumwambia nahodha. Gari letu ni la otomatiki: bila ufunguo gia haitoki mahali pake, na usukani ulikuwa umejifunga. Nyuma yetu kulikuwa na lori la saruji, na nyuma ya lori matatu mbili za waombolezaji waliokuwa wakiwahi mazishi Rusinga, wakiwa na kwaya, ngoma na vipaza sauti. Bodaboda zingeweza kupenya ubavuni. Wengine wote walikuwa mateka wetu.

Feri ilipogusa Mbita, mlango ukashuka na kila dereva akawasha injini. Wafanyakazi wakatupigia mikono: haya, haya, toka! Mama, aliyedhani wanamsalimia, akawainulia mkono.

Mume wangu alieleza. Akaeleza tena. Mara ya tatu aliyeeleza ni dereva wa lori, kwa sauti kubwa zaidi na kwa maneno ambayo sitayaandika kwa sababu Mama alikuwa pale. Kijana mmoja akajitokeza, bisibisi mfukoni, akasema yeye anaweza kuliwasha gari lolote bila ufunguo ndani ya dakika mbili. Alilisema kwa kujiamini hata mume wangu akakumbuka kuuliza anafanya kazi gani. Kijana akasema, "Hii na ile." Tukamshukuru.

"Tulibebe," akasema mzee mmoja wa matanga, akivua koti.

Wanaume wa Mbita na waombolezaji wakavua viatu na kulizunguka gari. Mimi nikaenda dirishani kwa Mama. Kioo ni cha umeme, hakikuweza kushuka, ikabidi afungue mlango kidogo.

"Mama, tafadhali shuka, gari linataka kubebwa."

"Nyar Nakuru," akasema, yaani binti wa Nakuru, "mimi niliambiwa nikishuka ni Mwanza."

"Mama, ufunguo umebaki ng'ambo."

"Na mimi nimebaki hapa." Akafunga mlango, na nikasikia kitasa kikilia.

Basi wakalibeba naye ndani. Naapa. Kiongozi wa kwaya alishika kipaza sauti, akaita, "Haraaambee!" na watu wakaitikia "Hee!", upande wa mbele wa gari ukanyanyuka na kutua hatua moja mbele. "Haraaambee!" "Hee!" Upande wa nyuma. Mpiga ngoma naye, bila kuombwa, akaanza kuwatia mdundo. Kila gari lilipoinuka Mama alishika mkoba kwa mikono miwili, lilipotua akarekebisha kitambaa cha kichwa. Ndani ya gari, pamoja naye, kulikuwa na mtungi wa maji, gunia la viazi, jiko la makaa na pasi, maana daftari lilisema Bukoba tutahitaji pasi. Watu walivyokuwa wakitokwa jasho nilimwomba Mungu wasije wakaangalia kwenye buti.

Lilipotua kwenye mchanga watu walishangilia kuliko nilivyowahi kuona gari likishangiliwa. Lori la saruji likapita. Matatu za matanga zikapita, na abiria mmoja akatoa kichwa dirishani akamwambia mume wangu, "Pole sana, ndugu," kwa sauti ile ile ambayo bila shaka alikuwa anaenda kuitumia Rusinga.

Ufunguo wa akiba tulikuwa nao Kisumu, kwenye kopo la majani ya chai. Mume wangu akampigia mpwa wake: chukua ufunguo, kimbia, pitia Luanda, vuka utukute Mbita. Kijana ni msikivu. Muda si mrefu akapiga.

"Anko, nimefika Luanda."

"Haraka hivyo?"

"Ndiyo. Naona ndizi, naona reli. Feri siioni."

Wenyeji wameshaelewa. Kijana alikuwa amepanda matatu ya barabara ya Busia na kuteremka Luanda ya Vihiga, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale yaliyomo kwenye tangi la hoteli.

"Uliza watu!" mume wangu akafoka, kabla akili haijamfikia.

"Nimeuliza. Kuna mzee amesema feri waliahidiwa, ila bado haijaletwa."

Mume wangu akaketi juu ya gunia la viazi. Tulikuwa tumeshamtoa Mama garini kwa kumwahidi samaki, na alikuwa kivulini akimchambua mbuta mzima kwa vidole, miiba akiipanga ukingoni mwa sahani. Nikamweleza yote: shemeji kazima simu, mpwa yuko Vihiga, na haieleweki mtu aliyepanga feri nne anawezaje kuachwa na ya kwanza.

"Kuachwa?" Mama akasema. "Huyo anaogopa maji. Tangu utoto. Hata kumwogesha kwenye karai ilikuwa lazima watu wawili wamshike."

Tukamtazama.

"Nilidhani mnajua," akasema, akageuza samaki upande wa pili.

Mita 80. Mistari miwili myekundu. Mume wangu alifungua mdomo, akaufunga.

Jua lilipoanza kupoa, feri ilirudi. Tulisimama gatini tukitafuta kofia, kofia haikuwepo. Aliyetujia ni mama mmoja muuza samaki, beseni kichwani. Akafungua fundo kwenye pindo la leso, na ndani yake kulikuwa na ufunguo wetu, umeshaanza kunuka dagaa.

"Mwalimu amesema mtanilipa," akasema.

"Hajakulipa?"

"Amenilipa ya kubeba. Bado nauli ya ufunguo."

Mume wangu akamlipa nauli ya mtu mzima. Nadhani asingebisha hata kama yule mama angeomba ya lori.

Tulikuwa tumeshapata vyumba na Mama amekwisha kuvua viatu wakati bodaboda iliposimama nje. Shemeji akashuka, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi soksi, daftari kwapani. Alikuwa amekataa kilomita chache za maji, akaizunguka ghuba nzima kwa matatu: Luanda, Ndori, Kisumu, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Katika ukoo mzima, ndiye pekee aliyezunguka kitu siku hiyo.

Hakuna aliyemsemesha. Akavuta kiti, akafungua daftari, akakohoa.

"Nimekuwa nikifikiria," akasema. "Lile daraja la Kigongo–Busisi. Huenda tulilihukumu mapema."

Mume wangu alikuwa anavuta pumzi ya kumjibu, lakini Mama akamgusa goti.

"Karibu, nahodha," akamwambia mwanawe kwa upole. "Pole na safari. Nimemwomba mwenye nyumba akutengee maji ya kuoga. Yako kwenye karai."