Mjomba, Herufi F na Tundu la HDMI

Kompyuta ya gemu ya bei ya wastani hujengwa kwa hesabu moja ngumu: sehemu kubwa ya fedha iende kwenye kadi ya picha, na vifaa vingine vigawane kinachobaki bila kununiana. Hesabu hiyo niliiandika vizuri daftarini, nyumbani kwetu Ngamiani, jijini Tanga, kwa bajeti ya shilingi milioni mbili. Nusu ilikuwa yangu na nusu ya mjomba, mfanyabiashara wa machungwa ya Muheza, mtu ambaye hanunui kitu kabla ya kukipima uzito kwa kiganja na wala hajapata kulipa bei aliyotajiwa.

Nilikuwa nimechagua prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i5-12400F yenye viini 6, mazabodi (bao kuu linalounganisha vifaa vyote) ya B660 inayopokea ramu za DDR4, vipande viwili vya ramu vya GB 8 ili vifanye kazi sambamba, diski ya SSD, pawa saplai ya wati 550, na kadi ya picha ya Radeon RX 6600. Kadi hiyo niliipenda kwa sababu hula wati 132 tu, na nyumbani kwetu uniti za Luku huhesabiwa kama mahari.

Mjomba alilipitia daftari, akaona kwamba kadi peke yake imebeba bei kuliko kitu kingine chochote, akaikata kwa kalamu nyekundu. "Hii tutanunua baadaye, mpwa wangu. Kwanza tupate kasha la kioo lenye mafeni ya taa, watu waone kwamba hapa kuna kompyuta."

Nilimweleza kwa adabu zote kwamba bila kadi hatutaona kitu, kwa kuwa katika prosesa hizo za Intel herufi F humaanisha kwamba ndani yake hakuna sehemu ya kutengeneza picha. Kama kadi ingesubiri, basi tuchukue i5-12400 isiyo na F, ambayo sehemu hiyo inayo. Mjomba hakubishana nami. Alimpigia simu muuzaji wa Kariakoo, akaweka spika ili baraza zima lisikie, akauliza swali moja tu: je, mazabodi hiyo ina tundu la kuchomekea televisheni?

"Lipo, mzee wangu. HDMI ipo nyuma," alijibu muuzaji, na kwa haki hakusema uongo.

"Umesikia?" mjomba aliniuliza. Kisha akataka kujua bei ya prosesa yenye F na ile isiyo nayo, na alipoambiwa kwamba yenye F ni nafuu, uso ulimng'aa kwa furaha ya mtu aliyeijua siri ya soko. Akauliza kama zipo zenye herufi mbili, ili punguzo nalo liwe maradufu. Muuzaji akamjibu kwamba zipo za KF, lakini hizo ni ghali zaidi. Mjomba alisema huo ni ujanja wa wafanyabiashara, akaagiza ya F.

Mzigo ulikuja kwa basi, kupitia Chalinze na Segera, tukaupokea stendi ya Kange. Mjomba aliinyanyua pawa saplai, akaipima kiganjani, akatangaza kwamba hapo hatukuibiwa. Katika hilo simcheki, maana pawa saplai za ovyo mara nyingi huwa nyepesi kwa sababu ndani yake wamebania vifaa.

Nilipomaliza kuiunganisha, alikuwa amekwisha kualika watu kwenye uzinduzi: mama yangu, wazee wa bao, fundi redio wa jirani na watoto wa mtaa mzima. Kahawa ilimiminwa, mkate wa kumimina ukakatwa, na mjomba mwenyewe akabonyeza kitufe. Mafeni yakazunguka, kasha likawaka rangi zote, wazee wakapiga makofi. Televisheni ikabaki nyeusi, ikiandika kwamba haipokei chochote.

Fundi redio alishauri waya ugeuzwe, wa huku uende kule. Mama alisema ni husuda, akaanza kusoma dua kimyakimya. Kwenye mazabodi kitaa kidogo kilikuwa kimewaka kando ya herufi VGA, yaani upande wa picha, kikituonyesha kwa uaminifu ni kifaa gani kinachokosekana, lakini mjomba aliwaambia wageni kwamba hiyo ni dalili njema, kwa kuwa kila kinachowaka ni kizima.

"Na tundu hili wameliweka la nini?" aliniuliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Picha hupitia hapo, mjomba, lakini sharti prosesa iitengeneze kwanza, na hii yetu haitengenezi."

Wageni walimaliza mkate, wakaaga. Tanga husifika kwa waja leo waondoka leo, ila sikutarajia iwe kwa kasi ile.

Jioni mjomba alimpigia tena muuzaji. Nilidhani anaagiza kadi, na kweli aliiagiza, lakini kwanza alidai apunguziwe bei kwa sababu ameuziwa tundu lisilofanya kazi. Walivutana mpaka adhana ya Isha. Muuzaji, nadhani kwa kuchoka tu, alipunguza shilingi elfu kumi, na mjomba alipokata simu aliniamuru niandike daftarini kwamba F imetuletea punguzo mara ya pili.