TBC1: tuiuze, tuiache ijitafutie, au tuilipie wenyewe?

Kila wizara ya habari inaposoma bajeti yake Dodoma mjadala unarudi palepale. Wapo wanaosema TBC, shirika la utangazaji la taifa lenye chaneli ya TBC1, inakula hela ya walipakodi bure, iuzwe au iachwe ijitafutie kama wenzake, na wapo wanaosema nchi isiyo na televisheni yake imewaachia matajiri wachache waamue wananchi waone nini na wasione nini. Mi naona pande zote mbili zina hoja nzito, nimebishana na watu wa huku na wa kule, ila wote wanaruka swali moja ambalo ndo lenyewe: bosi wa TBC pale Mikocheni akiamka asubuhi anamwogopa nani?

Tuanzie mbali kidogo, manake vijana wengi wanadhani TBC1 ilikuwepo tangu enzi na enzi. Serikali ya Mwalimu haikutaka kabisa TV bara. Zanzibar walishakuwa na televisheni yao, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 70, lakini huku bara msimamo ulikuwa kwamba TV ni anasa ya watu wa mjini na redio ndo inamfikia mkulima. Na redio kweli ilifika. Stesheni ilianza 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ile, na kwa karibu miaka 30 watu wakawa wanaishi nayo, kuna Ugua Pole kwa wagonjwa waliolazwa, kuna Mama na Mwana kwa watoto, kuna matangazo ya vifo ambayo ndo yalikuwa yanamfikishia mtu wa Songea habari ya msiba wa Dar. Halafu ikaja sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, na 1994 zikaingia televisheni za CTN, DTV na ITV ya marehemu Mengi. Televisheni ya Taifa, yaani TVT, ikaja kusimama kuelekea mwaka 2000, kwa hiyo huku bara serikali iliingia kwenye TV ikiwa imeshatanguliwa na watu binafsi.

Hapa ndo naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wanapoilinganisha TBC1 na BBC au hata na majirani zetu Kenya wanasahau jambo hili. Kule televisheni ya umma ilikaa miaka mingi peke yake, watu wakaizoea, wakazeeka nayo, vituo binafsi vikaja kuikuta tayari ina heshima yake. TVT ilizaliwa ikawakuta wenzake wameshazoeleka sebuleni. Heshima ya RTD haikuhama nayo, manake masikio ya watu yalikuwa kwenye redio na macho yalishachukuliwa na wengine. Kwa hiyo mtu akisema "mbona hawana watazamaji kama fulani" anasema kweli, ila asidhani ni uzembe tu, mechi ilishaanza wao ndo wanavaa viatu.

Sasa wanaotaka iuzwe wana hoja gani? Kubwa ni taarifa ya habari. Malalamiko ya miaka yote ni kwamba ukiwasha saa mbili usiku unajua kabisa itaanzaje, kiongozi mkubwa kwanza, anayemfuata, kisha waziri kakagua mradi, mkuu wa mkoa katoa siku saba, na yule mwananchi ambaye mradi ni wake anapewa sekunde chache za kusema anashukuru. Kilio cha maji, cha fidia, cha mazao kukosa soko, watu wanaenda kukitafuta kwingine. Na si hisia za mtaani tu, waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliokuja kwenye uchaguzi wa 2015 waliandika kwamba chombo cha umma kiliipa CCM, chama tawala, nafasi kubwa kuliko wengine. Sheria ya uchaguzi kwa miaka mingi imempa mgombea urais wa chama chochote haki ya kutumia redio na televisheni ya umma wakati wa kampeni, kwa hiyo hilo si suala la ladha, ni la haki.

Halafu kuna lile la Bunge. Januari 2016 waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alisimama bungeni akatangaza kwamba TBC inaacha kurusha vikao laivu kwa sababu ya gharama, ikatajwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na badala yake kutakuwa na kipindi cha kurekodiwa usiku. Wapinzani wakachachamaa mpaka polisi wakaingia ukumbini. Ukitaka kuwa mkweli, upande wa serikali ulikuwa na kitu. Bilioni 4.2 si hela ya karanga kwa shirika ambalo mitambo yake ilikuwa imechoka, na wote tunawajua wabunge ambao kamera ikiwaka wanaongea na jimbo lao badala ya kuongea na spika. Lakini ile hoja ya kwamba watu wako kazini muda huo mi sikuikubali hata siku moja. Nenda Kariakoo, nenda Tandika sokoni, nenda kwa kinyozi yeyote Mbagala, kazi inafanyika na TV imewashwa juu ya kioo, mama ntilie anakaanga samaki anasikiliza swali la nyongeza na anajua mbunge gani kapigwa chenga na waziri gani. Yule mtu ndo mwenye hiyo televisheni. Unapomkatia na kumletea kilichochujwa usiku, umeamua kwa niaba yake nini kina umuhimu. Siku hizi hali imelegea, hotuba ya bajeti ya Juni tunaiona mbashara na mitandaoni vikao vinapatikana, ila lile la 2016 lilionyesha kwamba kipindi kinachowahusu wananchi moja kwa moja kinaweza kuzimwa kwa tamko moja tu.

Upande wa pili sasa, na huu watu wa mjini huwa hatuupi haki yake. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alipotokea kutangaza kwamba Rais Magufuli amefariki, ilikuwa TBC. Baada ya siku nyingi za uvumi hakuna aliyekuwa na shida ya kubishana kama ni kweli au la. Na siku zilizofuata, Dar, Dodoma, Mwanza mpaka Chato, nchi nzima ilikuwa inaangalia picha zilezile kwa wakati mmoja. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya sabuni na bando hakiwezi kubeba mzigo kama huo siku nyingi na kisitetereke. Vilevile digitali ilipoingia, Dar ikazimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012 na kila mtu akalazimika kununua king'amuzi, watu wa hali ya chini ndo walioumia, na ile kanuni kwamba kuna chaneli lazima zionekane hata kifurushi kikiisha ndo inamwacha bibi wa Chanika na habari za nchi yake bila kulipia. Mwenye biashara ana kila sababu ya kuipigia hesabu kanuni kama hiyo.

Na vipindi? Watu wanasema TBC1 haina vipindi, mi nakataa. Mchukulie Chereko. Ni harusi za watu wa kawaida, si mastaa, unaona pikapu la matarumbeta linatangulia, gari la maharusi limepambwa maua, mashangazi wamevaa sare wanacheza mpaka vilemba vinafunguka, na mtaa mzima unakaa kusubiri kumwona jirani. Gharama yake ndogo na ni Tanzania yenyewe. Jambo Tanzania ya asubuhi nayo ina watu wake. Na kilele kwa maoni yangu ni ile miaka ya Tido Mhando, aliyetoka BBC Idhaa ya Kiswahili kuja kuongoza wakati TVT na redio zinageuzwa kuwa TBC, shirika jipya likazinduliwa rasmi 2008. Kundi la vichekesho la Orijino Komedi likahamia pale, mtu ambaye hajawahi kugusa hiyo chaneli akawa anaitafuta. Mwaka 2010 wakapeleka mijadala ya wagombea ubunge majimboni, raia wanashika maiki wanauliza. Desemba mwaka huohuo mkataba wake ukaisha na haukuongezwa.

Ndo maana nasema swali ni nani anamwogopa nani. Mkurugenzi mkuu wa TBC anateuliwa na Rais. Sisemi Rais fulani ni mbaya, nasema hata malaika ukimweka kwenye kile kiti atapima kila habari kwa jicho la aliyemweka, na walio chini yake watapima kwa jicho lake, mpaka ripota wa mkoani anajichuja mwenyewe kabla ya kuwasha kamera. Mwaka 2017 wafanyakazi tisa walisimamishwa kwa kurusha habari feki kwamba Trump kamsifia Magufuli. Jiulize kwa nini habari ile ilipita meza zote bila mtu kuuliza chanzo, na jiulize ingekuwa ni habari ya kumkosoa kiongozi ingepita meza ngapi. Mi hapo sioni upungufu wa elimu ya uandishi, naona ofisi ambayo habari ya kusifu haina mlinzi mlangoni.

Kuuza hakutatui hilo. Mnunuzi naye atakuwa na biashara, atataka vibali, atamwogopa huyohuyo. Kuiacha ijitafutie matangazo nako ni kuisukuma kwenye mashindano ambayo haiwezi kushinda, angalia mpira tu, Azam walisaini na shirikisho la mpira, TFF, 2021 mkataba wa Ligi Kuu wa miaka 10 wa bilioni 225.6, televisheni ya umma hiyo hela itaitoa wapi, na kwa nini itoe? Kazi yake iwe pale ambapo biashara haioni faida. Wana hazina ya RTD, miziki ya dansi iliyorekodiwa studio zao wakati hakuna studio nyingine ya maana nchini, NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na hotuba za Mwalimu, wanaweza kutengeneza vipindi vya miaka na miaka kutoka kwenye hizo tepu, na wazee waliopiga vile vyombo wanaondoka mmojammoja. Hili linaniuma kuliko la siasa, kwa kweli.

Kuna wanaopendekeza wananchi tulipe ada moja kwa moja kama Uingereza. Kwa nadharia ni nzuri, anayelipa ndo anayeogopwa. Kwa hapa Dar, ambako tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU na watu bado wananung'unika kila wakinunua umeme, ukiongeza na ada ya TV utaichukiza TBC kabisa kabla haijabadilika. Ruzuku iendelee kutoka bajeti kuu, ila ipangwe kwa miaka kadhaa mbele ili isigeuke fimbo ya kila mwaka.

Na kwenye uteuzi, kazi itangazwe, watu waombe, bodi iwahoji, Bunge limthibitishe, na akishaingia asiondolewe ila kwa kosa lililoandikwa kwenye sheria. Najua jibu litakuja, Bunge lenyewe limejaa wabunge wa chama kimoja, watampitisha wanayetaka. Ni kweli, nalikubali. Kwa hiyo kabla ya yote hayo naomba kitu kidogo ambacho hakihitaji sheria mpya: kila mwezi TBC itoe hadharani hesabu ya taarifa ya habari ya saa mbili, dakika ngapi walipewa viongozi wa serikali, dakika ngapi kila chama, dakika ngapi mwananchi wa kawaida akiongea kwa sauti yake. Picha wanazo, za kila siku, kuhesabu ni kazi ya vijana wawili wenye kompyuta.