Vitu vya kutumia tena tunavyojitengenezea nyumbani: vinapunguza taka kweli au tunajiongezea kazi?

Siku hizi ukishika simu tu unakutana na video za watu wanageuza fulana kuukuu kuwa mfuko wa sokoni, wanapaka nta kwenye vitambaa vya kufunikia chakula, wanashona pedi na nepi za kufua, na hapa Dar nako imeshaingia, kina dada wengi wanajaribu na wengine wanafundishana kabisa. Sasa watu wamegawanyika. Kuna wanaosema hii ndo dawa ya taka, tusikae kusubiri serikali, na kuna wanaosema huko ni kupoteza muda, taka za mji huu haziwezi kuisha kwa sindano na uzi. Mi naona wote wana hoja ila wote wanaruka swali la msingi: hicho unachotengeneza kinachukua nafasi ya kitu gani ambacho ulikuwa unakitupa, na malighafi yake imetoka wapi? Ukiuliza hivyo kwa kila kitu, kimoja kimoja, vingine utaona vinafaa sana na vingine bora uviache.

Chukua mfuko kwanza. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku huku Bara, Zanzibar walishatangulia tangu 2006, na ukikutwa nao ilikuwa faini kuanzia elfu 30 hadi laki 2 au kulala ndani mpaka siku 7. Rambo zikapotea madukani, na hilo ni jambo kubwa, lazima tuliseme. Ila kilichokuja badala yake ni mifuko mbadala, ile laini inayofanana na kitambaa, na mpaka leo kuna watu wanaamini kabisa ni kitambaa. Sio kitambaa jamani, ni polipropilini, yaani nayo ni plastiki, ila ya aina nyingine, na mtu anaenda kwa mangi ananunua sukari anapewa mmoja, anapita gengeni anachukua mwingine, akifika nyumbani inajazana nyuma ya mlango, mishikio ikichomoka inaingia kwenye taka na mvua ikinyesha unaikuta mtaroni. Kitu kimeandaliwa kitumike mara nyingi sisi tunakitumia mara mbili tatu. Kwa hiyo hapa mfuko wa kushona nyumbani una kazi ya kweli ya kufanya, kwa sababu unazuia ule mbadala mpya usiingie ndani kila siku.

Wanaopinga wana namba yao wanayoipenda, na ni namba halali. Mwaka 2018 wizara ya mazingira ya Denmark ilitoa utafiti uliolinganisha aina za mifuko, ikaonekana mfuko wa pamba ya kawaida inabidi utumike mara 7,100 ndo ulingane na ule mwepesi wa plastiki kwenye vipimo vyote vya mazingira. Ukisikia hivyo unakata tamaa. Lakini soma vizuri, kwa upande wa mabadiliko ya tabianchi peke yake ilikuwa mara 52 tu, ile 7,100 inatokana na kipimo kimoja cha madhara kwa tabaka la ozoni, na halafu, hili ndo kubwa, mzigo wote ule ni wa pamba mpya, kuilima, kuisokota, kuifuma, kuitia rangi. Kanga yako iliyochanika pindoni na kupauka haina tena huo mzigo, imeshavaliwa miaka, imeshabeba mtoto mgongoni, imeshakuwa pazia. Ukiikunja mara mbili kwa sababu kanga ni nyepesi, ukashona pande zote kwa mshono wa kurudia, mishikio ukaishona msalaba ndani ya mraba isichomoke ukibeba viazi, basi huo mfuko hausubiri mara elfu saba za mtu yeyote. Umeanza kufaa siku hiyohiyo.

Ila angalia watu wanavyofanya. Anaingia Kariakoo ananunua kitenge kipya, ananunua zipu, ananunua uzi wa rangi, anashona mifuko sita mizuri, anaitundika. Hapo ile namba ya Denmark inakuhusu wewe moja kwa moja, na hujapunguza taka yoyote, umefanya shopingi. Sisemi usishone kitu kizuri, shona, ila usikiite kupunguza taka. Kama unataka kitambaa cha bure nenda kwa fundi cherehani yeyote jioni akiwa anafagia, utakuta vipande vya kitenge, vya satini, vya sare za shule, vyote vinaelekea kwenye kiroba cha taka na mwisho wake ni dampo la Pugu Kinyamwezi au ni kuchomwa palepale nyuma ya kibanda. Mafundi wengi wanakupa bila hata kuuliza mara mbili.

Kitambaa cha nta nakipinga kabisa kwa Dar, na nitasema kwanini. Kule kilikotokea watu wanafunika kila bakuli kwa ile nailoni nyembamba ya jikoni, wanaitumia mara moja wanatupa, kwa hiyo kitambaa cha nta kinaokoa kitu. Sasa jiulize, nyumba ngapi unazozijua huku Mbagala au Tabata wanafunika mboga kwa hiyo nailoni? Tunafunika kwa sahani. Tunafunika kwa kawa la ukili. Unatengeneza kitu kuchukua nafasi ya takataka ambayo hukuwa nayo, unanunua nta nzuri ya nyuki, unaikwangua, unaipiga pasi kwenye kitambaa, halafu huwezi kukiosha kwa maji ya moto kwa sababu nta inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hivi na inalainika mapema zaidi ya hapo, na joto la Februari huku unalijua, kinanata, na nyama mbichi wala samaki hakifai kufungia. Sahani haina hayo matatizo. Hali ni hiyohiyo kwa sponji za kushona za kuoshea vyombo wakati dodoki linaota kwenye uzio, ukilikausha ukalimenya una kitu cha kusugulia masufuria na likiisha linaoza shambani. Kifumbu cha kuchujia tui, upawa wa kifuu, kikapu cha ukili, vyote bado vinauzwa sokoni na anayevisuka anakula kwa kazi hiyo, kumnunulia yeye ni bora kuliko wewe kuhangaika na gundi.

Pedi za kufua ndo sehemu ngumu, na ndo ningependa tuiongelee kwa utulivu. Faida yake ipo wazi. Msichana akiwa na pedi zake nne tano nzuri hategemei tena hela ya kila mwezi, na bei ya za dukani tunaijua, serikali iliondoa VAT kwenye pedi mwaka 2018 ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mlaji. Halafu za dukani nyingi zina plastiki ndani, huwezi kuzizika zikaoza, choo cha shimo zinakijaza. Kushona yenyewe sio kazi kubwa: flana laini juu inapogusa mwili, taulo kuukuu katikati tabaka mbili tatu, chini kitambaa kisichopitisha maji, na vifungo pembeni.

Tatizo linaanza kwenye kuanika. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, uani mmoja, kamba moja, baba mwenye nyumba kakaa pale kwenye kiti, watoto wanapita, binti gani ataanika pedi yake pale? Anaianika chini ya kitenge kingine, au anaipeleka chumbani anaiweka uvunguni, haikauki vizuri, mwezi ujao anaivaa ina harufu na unyevu, na hapo unazungumzia fangasi na maambukizi. Kwa hiyo yule anayesema pedi za kufua ni hatari na yule anayesema ni ukombozi, wote wanasema kweli, kinachowatofautisha ni kamba ya nguo. Penye maji safi, sabuni na jua la kutosha bila aibu, ni kitu kizuri mno. Pasipo na hivyo usimlazimishe mtoto wa watu kwa jina la mazingira, mnunulie za dukani.

Nepi zinafanana na hapo ila hesabu yake ni tofauti kidogo. Uingereza walipima mwaka 2008, wakakuta mtoto mmoja kwa miaka miwili na nusu anatoa gesijoto sawa na kilo 550 za kaboni dioksidi kwa pampas na kilo 570 kwa nepi za kitambaa, yaani karibu sawa, na watu wakashangilia kwamba pampas imeshinda. Lakini kilichopandisha nepi za kitambaa ni ufuaji, maji ya moto na mashine za kukaushia, walipohesabu nyumba inayofua mzigo uliojaa, kuanika nje na kumvisha mtoto wa pili nepi zilezile ikashuka sana. Sisi tunafua kwa mkono na jua tunalo. Kwa umeme tumeshinda tayari, tatizo letu ni maji, Oktoba 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka mji mzima ulikuwa kwenye mgao, na anayenunua maji kwa dumu anajua nepi nane za siku moja zinakula madumu mangapi. Halafu ongeza pasi, kwa sababu kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, yakianguliwa funza anaingia kwenye ngozi ya mtoto anavimba kama jipu, kwa hiyo nepi lazima ipigwe pasi mpaka kwenye mishono na luku inatembea. Mi naona njia ya kati inafaa, mchana nyumbani kitambaa, usiku na safarini pampas, taka inapungua nusu na mama anapata usingizi.

Na hapo kwa mama ndo kuna hoja ambayo wapenda mazingira hawaijibu. Nani anashona, nani anafua, nani anachota maji? Mara zote ni yeye, au ni dada wa kazi. Ukimwambia mtu apunguze taka kwa kujitengenezea vitu, mara nyingi unachofanya ni kuhamisha kazi kutoka kiwandani kuipeleka mgongoni kwa mwanamke ambaye tayari ameamka saa kumi na moja. Baba anayeshangilia vitu hivi ashike beseni.

Hoja nyingine ya wale wanaopinga ni kwamba sheria inafanya kwa siku moja kile ambacho nyumba elfu haziwezi. Ni kweli. Vile viroba vya pombe vilivyokuwa vimetapakaa kila stendi viliondoka kwa amri ya Machi 1, 2017, hakuna aliyeshona chochote. Na tena sehemu kubwa ya taka zetu za nyumbani sio plastiki, ni maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, majani ya mchicha, mifuko ya kanga haigusi huko. Kinondoni wana kiwanda cha mboji kule Mabwepande walichosaidiana na mji wa Hamburg, ila gari la taka likipita kwako linabeba vyote kwa pamoja, hata ukitenganisha ndoo mbili zinamwagwa sehemu moja. Hilo halitatuliwi na wewe jikoni, linatatuliwa na mkataba wa mzoa taka, na mkataba huo tunaweza kuuliza kwenye mkutano wa mtaa maana ada ya taka tunalipa.

Ila sikubali hitimisho lao kwamba basi tukae tu. Mi ningetaka hii kazi itoke kwa mtu mmoja mmoja iende kwenye kikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimama kidogo ikarudi 2024. Kina mama kumi wa mtaa mmoja wenye cherehani tatu wanaweza kukusanya vipande vya mafundi wa Manzese wakashona mifuko imara ikauzwa gengeni badala ya ile mbadala, mwenye kazi zake ananunua mmoja unadumu miaka, na aliyeshona analipwa kwa mkono wake.