Orodha za maonyesho ya New York zinatuhusu nini Tabora?

Septemba 2016 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, maarufu kwa jina la MoMA, yaliweka mtandaoni kumbukumbu za maonyesho yake kuanzia mwaka 1929 yalipofunguliwa. Zimo picha zaidi ya 33,000 za kumbi jinsi zilivyopangwa, orodha za vitu vilivyoonyeshwa, taarifa zilizopelekwa magazetini na katalogi ambazo madukani hazipatikani tena. Maonyesho yenyewe yanazidi 3,500. Huhitaji kibali wala barua ya utambulisho. Ukiwa na simu na bando, unasoma.

Mwalimu wa sanaa hapa Tabora ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Kwa maoni yangu yanamhusu sana, ingawa faida yake na hasara yake zimefungamana.

Maonyesho hufa siku yanapofungwa. Vitu hurudishwa kwa wenyewe, kuta hupakwa rangi upya, na kinachobaki ni karatasi. Karatasi iliyo muhimu kuliko zote ni orodha: kila kitu na namba yake, mahali kilikotoka, na jina la aliyekikopesha. Jina hilo la mkopeshaji ndilo linalotuhusu zaidi. Ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi wa hapa Tabora, iliangukia mikononi mwa Wajerumani Januari 1893, nao wakakaa hapa hadi Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916. Kigoda cha mtemi kilichoondoka katika miaka hiyo hakikufika kwa hatua moja kwenye kabati la kioo Ulaya. Huenda kilichukuliwa na ofisa au mmisionari, kikarithiwa na watoto wake, kikauzwa kwa mfanyabiashara wa sanaa, kikauzwa tena. Kila kilipotolewa hadharani, mtu aliandika ni mali ya nani kwa wakati ule. Ukiziweka orodha za miaka mbalimbali pamoja, unaanza kuiona njia kilikopita.

Metropolitan Museum, makumbusho mengine ya hukohuko New York, inacho kigoda cha Kinyamwezi chenye mgongo mrefu, na juu ya mgongo huo amechongwa mtu. Mwaka 1994 uchongaji wa Tanzania ulionyeshwa Berlin, kisha Munich, katika maonyesho yaliyopewa hata jina la Kiswahili: Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Anayetaka kujua vitu vya watemi wetu vilitawanyikia wapi hana budi kupitia nyaraka za maonyesho ya aina hii. Zikifungiwa ndani, kijana wa Urambo atahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege ili asome habari za ukoo wake.

Hata hivyo wanaozitilia shaka kumbukumbu hizi wana hoja nzito, na mfano mzuri umo humohumo kwenye hazina ya MoMA. Mwaka 1935 makumbusho hayo yalionyesha vitu vipatavyo 600 vya Afrika, vingi kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, katika maonyesho yaliyoitwa African Negro Art. Mpiga picha Walker Evans alivipiga picha, zikakusanywa 477. Wakopeshaji tunawajua kwa majina: mchoraji Matisse, mshairi Tristan Tzara, mfanyabiashara Charles Ratton wa Paris. Wachongaji hatuwajui. Palipostahili jina la fundi pameandikwa nchi au kabila. Picha nazo zinaonyesha kinyago peke yake mbele ya ukuta mtupu, bila vazi lake, bila ngoma, bila mchezaji. Mwanafunzi atakayenukuu nyaraka hizo bila kuzihoji ataurithi ukimya uleule na kuuita utafiti. Zinathibitisha jinsi mwonyeshaji alivyotazama. Kuhusu aliyechonga hazisemi karibu lolote.

Hoja ya pili inatoka kwa wazee, nami naiheshimu. Vifaa vya utemi na vya matambiko havikutengenezwa kwa ajili ya macho ya kila mtu. Vingine vilikuwa na wakati wake na watu wake. Kuvieneza kwenye simu za dunia nzima kwa jina la uwazi ni kuvichukua mara ya pili. Hapa nakubaliana nao nusu. Picha inaweza kuzuiwa mpaka ukoo unaohusika uulizwe. Orodha isizuiwe: jina la kitu, namba yake, mikono kilimopita. Orodha ikifichwa, anayelindwa ni aliyekishika kitu leo, na mizimu haipati chochote.

Wala tusikubali kuambiwa kwamba tukishawekewa picha mtandaoni tumelipwa. Madai ya kurudishiwa vitu yabaki palepale, na orodha ziwe ushahidi wake.

Turudi kwetu. Tembe la Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, lilijengwa upya mwaka 1957, na simulizi yake kuu ni ya wageni hao wawili. Kule Ujiji ni hivyohivyo, sanamu zao zinakupokea. Lakini wachongaji, wasusi na wachoraji wa mkoa huu walioonyesha kazi shuleni na kumbini, nani ameandika walionyesha nini? Tukio likiisha, bango linashushwa, kazi zinauzwa, basi. Tunawalaumu waliomsahau fundi mwaka 1935 huku sisi tunamsahau wa mwaka jana.

Najua jibu litakuwa fedha. MoMA ina watunza nyaraka wanaolipwa mshahara. Huku mchwa hula karatasi, na paa linalovuja huwa na haki ya kutangulia faili. Hilo ni kweli, na ndiyo maana sidai tovuti. Nadai ukurasa mmoja kwa kila maonyesho: tarehe, mahali, jina kamili la msanii na kijiji chake, jina la kazi na mti au udongo uliotumika, nani amenunua, pamoja na picha chache za ukumbi kabla kazi hazijaondolewa. Msanii aulizwe kama anaridhia picha yake isambazwe, na jibu lake liandikwe hapohapo. Nakala moja ibaki kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, nyingine kwenye maktaba ya mkoa, na ya tatu apewe msanii mwenyewe.