Hiyo R2 hiyo

Najua mmeshaisikia. Side ameitupia status vipande kumi na kimoja, na kwenye cha saba anasema nimempikia mwenyekiti wa kikoba pedi nzima ya PS4, yaani kile kishikio chenye vitufe cha mashine ya gemu. Muongo. Ilikuwa springi moja. Moja tu, ya R2, kile kitufe cha juu kulia kwenye pedi, na springi yenyewe haifiki ukubwa wa punje ya maharage. Sasa nyie mnaonitumia picha za sahani, tulieni niseme mwenyewe kabla hajaongeza na chaja.

Miezi minane niko mtaani. Mwezi wa kwanza nilijua hii ndiyo pepo: mtu mzima, hana bosi, ana PS4. Kufika wa tatu hamu imekatika kabisa. Nawasha, nashuka menyu, napanda menyu, gemu tano zinanitazama, nazima. Nakwenda kunywa maji. Narudi nawasha tena kama vile kuna kitu kingekuwa kimebadilika.

Ukiwa na kazi, saa yako moja ya gemu umeiiba usingizini, na cha wizi kitamu. Mimi saa zote zilikuwa zangu, na mama kandambili zake zikipita koridoni napunguza sauti kama naangalia kitu kibaya. Ndani ya gemu lenyewe kuna zile kazi za kila siku: ingia leo, kusanya hiki, kesho tena. Yaani sina ajira, halafu nasaini daftari la mahudhurio kwenye televisheni.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mashine na TV yetu vikiwaka pamoja ni kama wati 150. Saa sita kwa siku ni uniti 0.9, mwezi mzima uniti 27. Nyumba yetu iko kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi, zile za shilingi 100 kila uniti kabla ya makato, na ukizivuka bei inaruka zaidi ya mara tatu. Mama hajui wati ila LUKU anaijua kama kiganja chake. Siku moja alisimama mlangoni, akanitazama nimeshika pedi uso umelala, akasema, "Umeme unakwenda na mwenyewe hufurahi. Si bora tungenyosha nguo."

Ikaniuma. Nikajitungia dawa, na mwenye shida kama yangu aichukue, maana ilifanya kazi vizuri tu kabla ya kuniaibisha. Nilifuta gemu nne nikabakiza moja, la mpira, tena bila kugusa upande wa mtandaoni wenye kazi za kila siku. Masasisho yanashuka usiku kwa bando la usiku, mashine ikiwa imelala, ili jioni nisikae dakika arobaini natazama mstari wa buluu. Asubuhi natuma maombi mawili ya kazi, hata ya kubahatisha. Saa kumi na moja jioni nacheza dakika 45. Alamu ya simu naiweka jikoni ili lazima niinuke kuizima, na nikiinuka sirudi, hata kama nimefungwa moja na bado dakika kumi. Hapo ndipo dawa ilipo: uache ukiwa bado unataka. Wiki ya pili nikajikuta saa tisa mchana naangalia saa. Hamu hiyo inarudi!

Na pedi nayo ndipo ikaanza kuvuta.

Wachezaji mnajua. Hujagusa kijiti cha kushoto, beki wako anatembea mwenyewe kwenda kwenye kibendera cha kona kama kaitwa na shemeji. Nilibonyeza kwa pini kile kitundu cha nyuma karibu na L2, mwenzake R2 wa kushoto, sekunde tano, haikusaidia. Kwenye mpangilio wa gemu nikaongeza eneo la kijiti lisilohesabiwa. Beki akatulia, ila sasa hata nikimtaka akimbie anafikiria kwanza. Ikabaki kufungua. Kubadilisha kijiti kizima ni kuyeyusha risasi kwenye vipini zaidi ya kumi, na mimi chuma cha kuchomelea sina. Lakini ubavuni mwa kijiti kuna viboksi viwili vidogo vyenye vifuniko vya kijani. Ukikibandua kifuniko taratibu kwa ncha ya kisu, ndani kuna kiduara cheupe kinachosugua njia nyeusi ya kaboni. Hiyo njia ikichafuka au ikilika, pedi inavuta. Ikiwa ni uchafu, pamba ya masikio na spiriti kali vinatosha, unaacha ikauke robo saa. Msitumie manukato, yana mafuta. Side alitumia manukato, pedi yake inanukia na bado inavuta.

Jumamosi asubuhi. Skrubu nne nyuma, bisibisi ya nyota ile ndogo ya fundi simu. Skrubu sio shida. Shida ni kutenganisha makava. Unaanzia kwenye mikono, unabana, unasikia tak, unasogea juu kwa R2 na L2, na hapo unatakiwa uwe umeweka kidole juu ya vitufe vyote viwili. Kila kimoja kimeshikwa na springi yenye miguu miwili, sura kama ya kibanio cha nguo, nayo muda wote huo ilikuwa imejikunja inasubiri siku yake. Wenye akili hufungulia ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi nilifungulia barazani, kwenye mkeka, kwa sababu kuna mwanga.

Pembeni ya mkeka kulikuwa na sinia. Kwenye sinia kilo tatu za mchele, umeshachaguliwa, unasubiri kuoshwa. Kikoba cha mama kilikuwa zamu ya kwetu.

Tak. Kitu kikapita sikioni. Nikaisikia ikigonga nondo ya dirisha: ting! Kwa masikio yangu haya nikasema imetoka nje. Nikazunguka uani na sumaku ya spika bovu, nikaburuta mchangani nusu saa. Nilipata sindano mbili na kipini cha nywele. Niliporudi, sinia halipo, na binamu yangu anasuuza mchele jikoni. Haikunijia. Wallahi haikunijia. Nikasafisha kaboni, nikafunga, R2 nikaitilia kipande cha sponji ya kuoshea vyombo kifanye kazi ya springi. Kinafaa, ila kitufe kinarudi juu kivivu. Nikajipongeza.

Saa nane wakafika, kina mama kumi na wanne na sanduku lao la makufuli matatu. Hisa zikahesabiwa, mikopo ikasomwa, faini za waliochelewa zikatolewa. Mimi ndiye wa kunawisha mikono, birika huku, beseni huku, shikamoo kulia na kushoto. Mama Mwenyekiti nilimnawisha mara mbili. Mnajua kwa nini? Mdogo wake ana bohari, wanatafuta karani wa stoo, na CV yangu ilikuwa ndani ya pochi yake, kwenye bahasha ya kaki. Niliiona ncha yake ikichungulia.

Sasa vuteni viti.

Pilau limekaa sawa, limeiva rangi. Mama Mwenyekiti anakula kwa mkono, polepole, anasifia. Tonge la nne au la tano. Akalitia mdomoni. Akatafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili.

Krak.

Sio krak ya mchanga. Mchanga una krak yake, kila Mswahili anaijua, mtu anavumilia anameza. Hii ilikuwa ya chuma. Akasimamisha taya. Shavu la kulia likafura, likanywea, ulimi unapekua huko ndani kama askari anapekua begi. Mazungumzo yakapungua sahani moja baada ya nyingine mpaka feni ikawa ndiyo inayoongea. Akaingiza vidole viwili. Akatoa kitu, akakiweka kwenye ukingo wa sahani. Tik.

Kilikuwa cheusi cheusi, kimepikwa pamoja na mdalasini na iliki, ungeapa ni karafuu. Karafuu yenye miguu miwili.

Jambo la kwanza Mama Mwenyekiti alilofanya ni kugeukia ukutani na kujifunika khanga. Ana meno ya bandia, yale ya sahani yenye waya. Tukamsubiri ajihesabu. Watu kumi na wanne, hakuna anayetafuna. Akageuka, akatikisa kichwa: yote yapo.

"Ni steeli waya ya kusugulia sufuria," akasema mweka hazina.

"Hiyo ni springi ya kalamu," akasema mwingine, na Katibu akaibonyeza kalamu yake pale pale, tik-tak, tik-tak, kujitoa kwenye tuhuma.

Mama yangu alikuwa ameshaanza kumwangalia binamu. Na mimi nimesimama na birika, naiona, naijua, nimenyamaza. Nakiri. Nilikuwa tayari binamu aende na maji.

Mlangoni kuna mtu amekaa kwenye ndoo, hakualikwa, ana sahani kubwa kuliko ya mwenyekiti. Side. Akanyoosha shingo, akasema kwa sauti ya mtaalamu:

"Hiyo R2 hiyo."

"R2 ni nini?"

Macho yakamfuata Side, Side akanitazama mimi, macho yakaja kwangu.

"Ni… kitufe cha pedi, mama. Cha gemu. Cha kukimbilia."

Cha kukimbilia! Na hapo ndipo nilipokuwa nakihitaji kuliko siku zote, nacho kiko kwenye sahani ya watu.

"Kumbe wewe fundi?" akauliza Mama Mwenyekiti. Jamani, alinipa mlango. Alinifungulia kabisa. Ningesema ndiyo mama, natengeneza, napokea kazi za watu, tungeishia hapo. Mdomo wangu ukasema:

"Hapana mama. Nilikuwa nimepoteza hamu ya kucheza gemu. Sasa ilikuwa imeanza kurudi."

Nimeikariri hiyo sentensi tangu Jumamosi, naisikia nikipiga mswaki.

"Hamu ya kucheza," akarudia, polepole, kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. "Ilikuwa imepotea." Akaitazama pochi yake. Akanitazama. "Pole, mwanangu."

Pole ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyoniua.

Mengine mafupi. Mama amepigwa faini ya shilingi 2,000 kwa kuvuruga kikao, na Katibu ameandika sababu kwenye daftari: "springi". Shilingi 2,000 nadaiwa mimi. Binamu haniongeleshi. Springi nimeioga kwa sabuni na spiriti, nimeirudisha, R2 inaruka vizuri kuliko L2 na ukiisogeza puani unasikia mdalasini. Pedi haivuti.

Kuhusu bohari hajasema kitu. Ila leo asubuhi mjukuu wake amekuja na mfuko wa nailoni, ndani pedi mbili, zote zinavuta kushoto.

"Bibi anasema utengeneze," akaniambia. "Na anasema ufungulie hukohuko ndani ya mfuko."