Picha 60 zinatosha kumpima msomaji wa mamogramu?

Uingereza, mpango wa taifa wa kupima saratani ya matiti, ulioanza 1988, unamtaka kila msomaji wa mamogramu, yaani picha za eksirei za matiti, asome za wanawake wasiopungua 5,000 kwa mwaka. Juu ya hapo kuna mtihani uitwao PERFORMS, seti za visa 60 (kila kisa ni picha za mwanamke mmoja) ambavyo majibu yake yanajulikana tayari. Wapo wanaosema mtihani huo ni bure, kazi ya kila siku ndiyo ipime. Hoja hiyo ina uzito, ila hesabu inaiangusha.

Kati ya wanawake 1,000 wanaopimwa, saratani hukutwa kwa kama 8. Basi mafaili 5,000 yana saratani 40 hivi. Anayegundua 90% na anayegundua 80% wanapishana kwa wanawake wanne tu mwaka mzima, tofauti ambayo hata bahati huileta. Tena saratani iliyokoswa haijulikani siku hiyo. Hujulikana baadaye, kwa mfano mwanamke anapogusa uvimbe kabla miaka mitatu ya kurudi kupimwa haijaisha. Marekani sheria inadai usomaji wa mamogramu 960 tu kwa miezi 24: anayeishia hapo huenda akakutana na saratani mbili tatu kwa mwaka.

Seti ya majaribio hukusanya saratani nyingi na ngumu pamoja: chembe za chokaa ndogo kama chumvi zilizojikusanya sehemu moja, au nyuzi za titi zilizovutwa kuelekea mahali pamoja pasipo uvimbe. Ndani ya saa chache unajua huyu hukosa chembe, yule hukosa mvuto wa nyuzi. Faida hiyo ni kubwa.

Lakini anayejaribiwa anajua saratani zimejaa, na hakuna mwanamke atakayepokea barua ya kumtia hofu, kwa hiyo huita wengi warudi kwa vipimo zaidi. Kazini huitwa kama 4 kati ya 100. Kwenye mtihani mara nyingi pia hana picha za zamani za kulinganisha. Na seti ikiwa na saratani 20, kukosa mbili ni 90%, kukosa nne ni 80%: picha mbili tu!

Kwa alama hiyo pekee, kumsimamisha mtu kazi ni dhuluma. Akae na mwenzake mzoefu, wafungue kila picha aliyoikosa. Akikosa aina ileile seti mbili mfululizo, hapo zipitiwe picha zake za kazini, kwanza za wanawake waliogundulika kati ya kipimo kimoja na kingine.